Matroni na Nguzo za Banda

Matroni hakuwahi kubisha hodi. Alifungua mlango wa bweni kwa kiwiko, mikono yote miwili ikiwa na ndoo, kisha akasimama kizingitini akinusa. Kwa pua tu alijua nani ameficha samaki sandukuni, nani hajafua soksi, na nani amelia chini ya blanketi. Huyo wa mwisho hakumtaja mbele ya wenzake. Alimwita nje kama anayetaka kumtuma kuni, na mvulana alirudi baadaye mdomo ukiwa bado unang'aa mafuta.

Nilimaliza shule hiyo ya bweni kule Migori na tangu hapo sijatulia mahali. Kazi yangu ni kuandika na kuchora kwenye kuta: hoteli, vinyozi, makanisa, maduka ya dawa za mifugo. Siku ya mnada niko Ogwedhi, baada ya hapo niko Rusinga, kisha narudi Migori kununua rangi. Walimu wangu wengi nimesahau hata sura zao. Yeye hakunipa nafasi ya kumsahau. Alipostaafu alihamia kwa mume wake upande wa Homa Bay, boma lao likiwa kando ya barabara ya Mbita, na njia zangu karibu zote hupita pale. Nikipita bila kuingia, atajua. Siku moja nilipita kwa pikipiki nikiwa na haraka, na kabla sijafika Mbita simu ikalia.

"Nimeuona mgongo wako," alisema. "Umenenepa." Akakata.

Kila mtu alimwita Matroni, hata watu ambao hawakuwahi kulala bwenini. Kasisi alimwita hivyo. Mume wake, alipokuwa hai, alimwita hivyo pia, na sikujua kama anatania. Ni shemeji yake peke yake aliyemwita Nyar Migori, binti wa Migori, kwa kuwa huku mwanamke aliyeolewa huitwa kwa alikotoka, hata akikaa mpaka nywele ziwe nyeupe.

Alikuwa na misemo yake, na hakuna hata mmoja uliokuwa mtamu. Ukimwambia umejitahidi, alijibu, "Sikuuliza kama umejitahidi. Nimeuliza kama shuka limekauka." Ukimwambia jambo fulani haliwezekani, alitaka kujua nani amelijaribu na alikuwa amekula nini asubuhi hiyo. Godoro alilianika juani kila Jumamosi ya masomo yangu, na nasikia hata leo magodoro ya nyumba yake hayajui kivuli.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa mstari mmoja. Alikuwa Mkatoliki wa rozari, ila baada ya kustaafu hakufua nguo Jumamosi, kwa heshima ya jirani yake Msabato. Jumapili jirani huyo alipoanika zake, Matroni alisimama uani akamsema kwa sauti ya kusikika. Alidai hapendi kuku, eti wana macho ya watu wanaotaka kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani, na bado alifuga. Kuku hao aliwaita wanafunzi. Asubuhi aliwahesabu kwa kidole, na aliyechelewa kutoka alikemewa.

Mila nazo alizishika kuliko wengi waliozaliwa nazo. Mkwe wake alipokuja kutoka Nakuru mvua ikamzuia kurudi, alimtafutia malazi kwa majirani, kwa sababu mkwe halali nyumbani kwa mama mkwe. Mume wake alipofariki, alifanya kila kilichotakiwa, akakaa chini muda wote uliotakiwa, mpaka kasisi mwenyewe alipomwambia inatosha. Alimjibu kwamba yeye ndiye atakayejua inatosha. Niliwahi kumuuliza kwa nini anafuata mambo ambayo vijana wanayacheka. Alisema, "Nayajua vizuri ili mtu asije akanidanganya nayo."

Maneno hayo niliyaelewa wakati wa mambo ya banda.

Kuku wake walikuwa wakilala jikoni, chini ya kapu kubwa lililofunikwa, kama wanavyolala katika nyumba nyingi za huku. Kisha kikohozi kikamshika. Katika kliniki walimwambia moshi na mavumbi ya manyoya havimfai, awatoe kuku ndani. Binti yake wa Nakuru akapiga simu na kumaliza habari kwa dakika chache: mama anunue banda lililo tayari, lipakiwe kwenye gari, liletwe. Matroni alitaka kujenga. Nilipofika nilidhani ubishi ni wa mbao na misumari, nikaanza kumweleza bei za Migori na bei za Homa Bay. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" akauliza. "Sasa kaa, shemeji yangu anakuja kunywa chai."

Huyo shemeji alikuwa mdogo wa marehemu. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti nzuri na Dholuo, lugha ya huku, iliyojaa methali, na katika misiba ya lokesheni nzima yeye ndiye aliyeitwa kusema. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kwa Matroni kunywa chai, na kila mwaka, kwa maneno ya kuzunguka, alimkumbusha kwamba mjane haachwi peke yake, kwamba ukoo upo, kwamba yeye yupo. Matroni alimkataa bila kumkataa. Alimwongezea sukari.

"Nyar Migori," alisema siku hiyo alipoketi, "nasikia unataka kujenga."

"Nataka kuku walale nje, yuora." Yuora ni shemeji yangu.

"Kulala nje chini ya nguzo na paa ni kujenga. Nitakuja Jumanne na mtaimbo."

"Jumanne niko hospitali."

"Basi Jumatano."

"Jumatano kuku wako hospitali."

Mke wake shemeji, mwanamke mpole aliyezoea kuja naye na kukaa karibu na mlango, alikohoa ndani ya kikombe.

Walipoondoka Matroni alinieleza, polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni kutandika kitanda. Mjane wa huku hajengi. Hujengewa na mwanamume wa ukoo wa marehemu, na anayechimba shimo la nguzo ya kwanza hachimbi shimo tu. Ameweka mkono katika boma. Kesho anaweza kuuliza kwa nini mlango unatazama upande huu, keshokutwa kwa nini shamba la chini limekodishwa, na wote watasema ana haki kwa sababu yeye ndiye aliyejenga. Angekuwa na mtoto wa kiume mkubwa, mambo yangekuwa mepesi. Alikuwa na mabinti, na wote wameolewa.

"Na ukichimba mwenyewe?"

"Watasema nimeruka mila."

"Ni kuku, Matroni."

"Nguzo haijui inabeba nini," alisema. Akafikiri. "Nitafutie hilo la kununua. Kitu kisichoingia ardhini."

Nilikuwa na kazi Migori, ya kuandika ukuta wa hoteli, na mkabala na hoteli hiyo fundi mmoja alipanga mabanda yake kando ya barabara kama mabasi yanayosubiri abiria. Nililichagua lenye miguu minne mirefu, mbao zilizopakwa kijani, wavu wa madirisha na ngazi ndogo ya kupandia. Fundi alilipiga kofi ubavuni. "Hii kuku wakiingia wataanza kulipa kodi, brathe." Tulilipakia kwenye pikapu, na mimi nikakaa nyuma nikilishikilia mpaka nyumbani kwa Matroni.

Shemeji alikuja kulikagua. Alilizunguka, akainama kuona miguu imekaa juu ya udongo na si ndani yake, akatabasamu. "Hii ni kabati," akatangaza. "Kabati la kuku. Kabati halina neno." Akanywa chai vikombe viwili na kusimulia habari za msiba wa Rangwe. Binti wa Nakuru alitumiwa picha akafurahi. Watu wote walifurahi isipokuwa mwenyewe. Jioni hiyo nilimkuta amekaa kwenye kigoda akilitazama lile banda jinsi alivyozoea kutazama kitanda kilichotandikwa na mtu mvivu.

"Lina kasoro?" nikamuuliza.

"Halina. Mimi ndiye nimekuwa kama mpangaji. Mpangaji ndiye anayeleta vyombo na kuviweka juu ya sakafu ya mtu."

Nilienda Rusinga kuchora ukuta wa shule ya chekechea. Nilikuwa bado huko aliponipigia. Hakusalimia. "Njoo uone kabati lako."

Alikuwa nyegere. Mnyama huyo hana haja ya mlango. Alikuwa amesimama chini ya banda akang'oa mbao za sakafu, mbao laini za kijani nilizozisifu mwenyewe, na kufanya alichokuja kufanya. Waliopona walikuwa juu ya paa la jikoni na hawakutaka kushuka. Waliokufa Matroni alikuwa amewalaza kwa mstari ulionyooka juu ya gunia, vichwa upande mmoja. Hakunilaumu, na hakulia. Alikuwa amevaa koti lake la zamani la kazi, lile la buluu la bwenini, ambalo sikujua kama bado analo.

"Jumapili uwepo," alisema. "Nataka mtu wa nje asikie."

Jumapili nilikuwepo. Shemeji aliketi mahali pake, mke wake karibu na mlango. Matroni alimimina chai, kisha akaanza kusema kwa Kiswahili.

Hii ilikuwa desturi yake, na lazima niieleze. Dholuo aliijua sawasawa, aliota kwayo. Lakini kwenye jambo zito na shemeji yake alihamia Kiswahili, kwa sababu huku hakuna aliyezaliwa nacho. "Kwa Dholuo ana methali," aliwahi kuniambia. "Kwa Kiswahili ana maneno tu, kama mimi."

"Yuora," alisema, "kesho ninachimba. Nguzo za mti mgumu, mawe chini ya ukuta, mlango wa mbao nzito. Nimekwambia mapema ili usiambiwe na wengine."

Shemeji aliweka kikombe chini. "Hiyo ni kazi yangu."

"Nakuuliza basi. Anayemjengea mjane hulala katika nyumba hiyo usiku wa kwanza. Si ndiyo mila?"

"Ndiyo mila."

"Utalala na kuku?"

Mke wake alitoka nje haraka, na tukasikia kicheko kikipotea upande wa jikoni. Hata mimi niliangalia dari. Lakini shemeji hakucheka. Alisimama, mzee mrefu mwenye koti la kanisani, na aliposema sauti ilikuwa ile ya misibani.

"Wewe unacheza na mimi. Sawa. Mimi nasema hivi: ukichimba hiyo shimo, mguu yangu haitapita hii lango tena. Hata siku ya kukuzika."

Mtu wa mbali anaweza kuona hayo ni maneno ya hasira tu. Lakini kaburi la Matroni lilikuwa limeshajulikana mahali pake, kando ya mume wake, mbele ya nyumba, na wa kulifungua walikuwa wanaume wa ukoo, na wanaume wa ukoo hawashiki jembe kabla ya huyu kushika. Akikataa, mabinti watambeba mama yao kwenda kumtafutia ardhi ya kanisa, kama mtu aliyefia safarini. Matroni aliijua hofu hiyo kuliko sisi sote. Niliona mkono wake ukiizungusha ile birika kidogo juu ya meza, ukaacha.

"Nimesikia," alisema. "Chai yako inapoa."

Shemeji hakuimaliza.

Asubuhi Matroni alichimba. Nilikwenda kumpokea mtaimbo naye akaunyanyua juu ili nisiufikie. "Ukishika hicho chuma watasema nimeolewa na mchoraji wa kuta. Kaa pale, nyoosha misumari." Basi nilikaa kwenye gogo nikanyoosha misumari iliyopinda, na mwanamke aliyepita umri wa kustaafu zamani akachimba ardhi kavu ya Homa Bay. Alipiga mtaimbo, akatoa udongo kwa kopo, akapumzika, akakohoa, akapiga tena. Watu walipita barabarani wakasalimia na kupunguza mwendo. Aliwajibu wote kwa majina. Adhuhuri ilimkuta shimo la kwanza likiwa limefika kiwiko, na akaenda kulala kidogo. Alipoamka nikamwambia linatosha. Akapima kwa mkono wake, akasema kiwiko ni kipimo cha mwizi.

Mashimo yalimchukua siku kadhaa, na nguzo alizisimamisha mwenyewe, akizishindilia kwa mawe na kisigino. Zilipokaa ndipo alipomruhusu fundi wa jumuiya yake ya kanisani kuja kupiga paa. "Maneno yapo kwenye nguzo," alisema. "Mabati hayana kabila." Fundi aliogopa kidogo mwanzoni, akauliza kama mzee anajua. Matroni alimwambia mzee anajua kuliko yeye fundi, apande.

Likawa banda hasa. Si zuri. Mlango ulikuwa mzito mpaka ukashindwa kufunguliwa kwa mkono mmoja, na mawe ya chini yalizama ardhini kiasi kwamba hata mimi sijui yanaishia wapi. Ukilitazama kutoka barabarani unaona kitu kinachokusudia kukaa.

Shemeji hakuja Jumapili iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Matroni alisema ni afadhali, sukari inadumu. Lakini kila nilipopitia Jumapili nilikuta vikombe vitatu mezani, na tulikuwa wawili. Sikuuliza. Niliwahi kumsikia akimweleza binti yake kwenye simu kwamba ardhi ya kanisa nayo ni ardhi, ina mchanga mzuri, haituamishi maji. Alipokata simu alikaa muda akitazama lile kaburi la mbele ya nyumba. Kisha akaenda kuwafungia kuku, na niliona kwamba kurudi nyuma hatarudi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka huu, nikitoka Takawiri ambako nilikuwa nimeandika jina la nyumba ya wageni. Nilimkuta mwembamba zaidi. Kikohozi kilikuwa kimepungua, ila sasa alitembea akishika vitu. Alikuwa uani akiziba matundu ya ua wa minyaa kwa matawi ya miiba, kwa sababu nyegere alikuwa amerudi na kuzunguka kijiji kizima. Msabato alikuwa amepoteza kuku, wa ng'ambo ya barabara pia, na kwa shemeji aliingia hata jikoni. Kwa Matroni alikwaruza mawe akaenda zake. Alinionyesha alama za kucha bila majivuno yoyote.

Jua lilikuwa linaelekea ziwani tuliposikia sauti langoni. Ni yule mke wa shemeji, kapu kichwani, kapu likilia.

"Nyieka," alimwita Matroni, kama wake wa ndugu wanavyoitana, "hawa wamekuja kulala."

"Waingie. Nani amekutuma?"

"Wao wenyewe." Akapita moja kwa moja hadi bandani kama mtu aliyeijua njia siku zote.

Mimi nilikuwa nimegeukia lango. Shemeji alikuwa amesimama nje yake, hatua moja tu kutoka mahali ambapo nguzo za lango zilikuwa, na kwapani alikuwa na jogoo. Jogoo mwekundu, mkubwa, aliyekataa kuingia kapuni pamoja na wengine. Huku mwanamume anayekwenda kuanzisha boma jipya hubeba jogoo mkononi, na jogoo wa mtu halazwi kwa mwingine hivihivi. Matroni alifuta mikono kwenye kanga, akaenda, akishika mti huu, akishika ule. Nilibaki nilipo, lakini jioni ilikuwa tulivu na nikasikia yote. Walisemezana kwa Kiswahili, na aliyeanza ni yeye shemeji.

"Huyu anasumbua," alisema.

"Naona. Ingia, yuora."

"Mimi nilisema sitaingia."

"Ulisema. Basi simama hapo, yeye aingie."

Jogoo akavuka lango juu ya mikono yao. Matroni alimpakata kifuani, akamfunga mbawa kwa kiganja, na hakuondoka. Wote wawili walitazama kaburi la marehemu, ambalo linaonekana vizuri kutoka pale.

"Na ile siku nyingine uliyoitaja?" aliuliza Matroni.

Shemeji aliangalia viatu vyake, kisha akayafuata kwa macho yale matawi ya miiba kwenye ua, moja baada ya jingine, kutoka langoni mpaka nyuma ya jikoni.

"Mimi nilisema lango," akajibu. "Sikusema ua. Na ua yako iko na matundu."

"Nimeshayaziba karibu yote."

"Naona."

Matroni aliegemea mwimo wa lango ili mguu upumzike.

"Basi tundu moja nitakuachia," alisema, akageuka na jogoo wake kuelekea bandani.